Mashindano Niliyompangia Baba Mkubwa

Watu wakisikia kwamba ukoo wetu hucheza poka kwenye simu kila Jumapili baada ya ibada, hudhani tumeshauza mashamba. Kiingilio chetu ni bei ya sahani moja ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, pale Rubona, bia haimo. Anayebaki wa mwisho huchukua vyote, na mara nyingi hula hizo sambaza pamoja na wale aliowafilisi. Tuko tisa. Wengine wanaishi hapa Gisenyi, wengine Goma, na mkubwa wetu ni kaka wa marehemu baba, ambaye alijifunza mchezo huu akiwa na miaka sabini na kitu, na miwani mbili, moja juu ya nyingine.

Mpangaji ni mimi. Chumba chetu cha mtandaoni nakifungua mimi, na mimi ndiye ninayeamua kila mtu aanze na jetoni ngapi, zile sarafu za mchezo, na dau la lazima lipande kila baada ya dakika ngapi. Dau la lazima ni kile kiasi ambacho wachezaji wawili hutoa kabla hata karata hazijaonekana, ili asiwepo mtu wa kukaa bure akingoja mfalme na malkia. Ukilipandisha kila dakika tatu, mchezo unageuka bahati nasibu, hata mbuzi anaweza kushinda. Ukilipandisha kila robo saa, anashinda mwenye subira na kumbukumbu. Ofisini kwetu mimi ni karani, hakuna anayeniuliza lolote zaidi ya mahali muhuri ulipo. Jumapili watu wanane hungoja niamue dakika, na hilo nalipenda kuliko inavyostahili.

Vijana hulalamika kwamba zawadi ni ndogo. Huwa nawaambia wahesabu vizuri: kwa sahani moja ya samaki unapata saa tatu nzima za kumcheka binamu yako, na sijui duka gani mjini linauza hivyo. Halafu kuna thamani nyingine ambayo siwaambii. Thamani ya meza yoyote ni yule mchezaji mmoja ambaye wenzake wote wamemsoma. Kwetu alikuwa baba mkubwa.

Ili umwelewe, lazima ujue kazi yake. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa msemaji wetu kwenye gusaba, ile siku upande wa mwanamume unapokuja kuomba mke. Msemaji wa upande wa binti kazi yake ni kukataa. Wageni wakiomba mara ya kwanza, baba mkubwa husema hapa hatuna binti, labda wamepotea njia. Wakiomba tena, binti yupo lakini ameshapewa watu wengine. Wakiomba mara ya tatu, hukohoa, huwatazama wazee wenzake, halafu hutoa. Watu walikuja kutoka Goma kumsikiliza akikataa.

Basi na poka aliicheza hivyo hivyo. Karata za mezani hufunguliwa kwa vipindi vitatu, na kila kipindi unaweza kuweka dau. Ukimwekea la kwanza, hatoki. La pili, hatoki. La tatu, anatupa karata zake na kuandika kwenye skrini, "Pole, mwana wangu, umechukua." Pole ya nini wakati nimeshinda mimi? Tulimla hivyo miezi kadhaa. Hata binamu zangu wa Goma, ambao mtandao huwakatikia kila baada ya mkono mmoja, walikuwa wamejifunza kungoja mara ya tatu.

Sasa dada yangu akapata mchumba, na ndipo ukoo ulipoanza kunong'ona. Kwenye harusi ya mwisho, baba mkubwa alisimama katikati ya maneno na kunyamaza. Tulidhani ni mbwembwe. Kimya kikaendelea, akatafuta jina la babu yetu kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, hakulipata, akakaa. Hakuna aliyethubutu kulisema wazi. Tulimwambia tu kwamba amefanya kazi nyingi, sasa apumzike. Na aliyejitolea kumpumzisha ni mimi. Nilikuwa nimeshaanza kufanya mazoezi ya kukataa mbele ya kioo cha bafuni, fimbo ya msemaji mkononi, mke wangu akigonga mlango akitaka kuoga.

Baba mkubwa hakupumzika. Alisema binti wa mdogo wake hatasemewa na mtu mwingine maadamu yeye anapumua. Tukavutana wiki mbili, mpaka dada yangu akachoka na kuandika kwenye kundi letu la simu kwamba atakayeshinda poka Jumapili ndiye atakayemsemea, na wengine wanyamaze. Alikuwa anatania. Wa kwanza kujibu alikuwa baba mkubwa: "Nakubali."

Nikafungua chumba na kuweka robo saa. Waliouliza niliwaambia ni kwa heshima ya mzee, asikimbizwe. Ukweli ni kwamba nilitaka mchezo mrefu. Nilijua baada ya saa mbili atasahau nani ameweka nini, na pengine atasinzia. Sikujivunia mpango huo, lakini pia sikujizuia.

Saa ya kwanza binamu watatu walitoka. Saa ya pili wanne, mmoja wao kwa sababu alikuwa anacheza huku anaendesha pikipiki, na abiria ndiye aliyemwambia aache. Tukabaki wawili, mimi na mzee, jetoni zetu zikikaribiana. Nyumba yangu iko karibu na mpaka, na simu ilikuwa imeshajirukia kwenye mtandao wa Goma bila kuniuliza, lakini sikuthubutu kugusa kitu. Mkononi nilikuwa na nne na tisa, takataka tupu. Nikaweka dau. Hakutoka. Nikaweka la pili. Hakutoka. Ilipofunguliwa karata ya mwisho, nikasukuma jetoni zangu zote, tapi, kama tunavyosema sisi tuliosoma Kifaransa. Mara ya tatu ilikuwa imefika. Nilianza hata kutabasamu.

Saa ya skrini ikahesabu sekunde thelathini, ishirini, tano. Akalipa. Alikuwa na jozi ya sita, jozi ambayo mtu mwenye akili hailipii nyumba nzima. Nilikuwa nimebakiwa na jetoni za kukaa mkono mmoja, na mkono huo nao akauchukua. Safari hii hakuandika pole.

Nilipanda moto, yaani pikipiki, mpaka kwake mjini, nimekasirika kama mtu aliyeibiwa. Nilimkuta sebuleni, anafuta miwani zake zote mbili. Nikamuuliza kwa nini hakutoka mara ya tatu kama siku zote.

"Bon, kaa kwanza," alisema kwa Kiswahili chake cha huku mpakani. "Ile mara ya tatu, mutu tunamupatia juu iko na ng'ombe ku mulango. We ulikuya mikono mitupu. Unafikiri miye sioni?"

Nikamwambia miezi yote ile alikuwa anaona nini basi.

"Ile ilikuwa ya sambaza," akasema. "Mi nilikuwa naachilia mukule, muzoee."

Ujanja wa nyani huishia jangwani, na wangu uliishia kwenye kochi la baba mkubwa. Niliona aibu, kisha nikaanza kucheka, na yeye akacheka mpaka miwani zikamwanguka. Nilimwambia akaseme, hakuna tena wa kumpinga. Nilidhani atafurahi. Badala yake akanishika mkono na kunivuta karibu.

"Sikia," alisema polepole. "Maneno iko yote. Majina njo yananikimbia. Siwezi kukudanganya, we mutoto wangu. Ile siku utakaa nyuma yangu, karibu ya sikio. Nikigeuka, unanipatia."

Siku ya gusaba nilikaa nyuma yake, na orodha ya ukoo mzima nimeishika kichwani. Alikataa vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Wageni walicheka, wakaomba, wakacheka tena. Ulipofika wakati wa kutambulisha familia, alianza na babu yetu, akaja kwa marehemu baba, akataja shangazi wote na binamu wote, mmoja mmoja, pamoja na wale wa Goma waliochelewa. Hakugeuka hata mara moja. Nilimwonea fahari.

Mwisho akaweka mkono begani kwangu na kuwaambia wageni kwamba huyu ndiye mkono wake wa kulia. Akasimama kidogo. Kisha akageuka, akaniletea sikio lake, nikamnong'oneza jina langu.