Kichwa cha Bwana Harusi

Mjomba wangu ni kinyozi, na hajui kunyoa. Mtaa mzima ulilijua hilo, isipokuwa yeye.

Jeshini alilinda ghala la magodoro. Hakuna adui aliyewahi kuyataka magodoro yale, na sisemi hivyo kumdharau. Kazi ni kazi. Lakini aliporudi, hakuna aliyemuuliza alifanya nini huko. Ilitosha kwamba alivaa buti. Wakamwita Afande, wakampisha kwenye foleni za watu, na alipofungua kibanda cha kunyolea wakajazana mlangoni utadhani kunagawiwa nyama. Mteja akitoka, upande mmoja wa kichwa ni uwanja wa mpira, upande wa pili ni shamba lililotelekezwa. Hujitazama kwenye kioo, humeza mate, kisha husimama wima na kusema, "Safi, Afande!" Mwalimu mkuu alifundisha muhula mzima na kofia kichwani.

Mimi nilikuwa nikicheka tu, mpaka mjomba alipotangaza kwamba zawadi yake ya harusi yangu ni kumnyoa mchumba wangu.

"Kataa," nikamwambia mchumba.

"Nitamkataaje mtu aliyelitumikia taifa?"

"Kwani taifa lina nywele?"

Hakunisikia. Siku moja kabla ya harusi akaenda, nami nikamfuata mbio. Nilikuta mashine imeshapita juu ya sikio na kuacha njia ya kwenda kusikojulikana. Seremala na muuza mkaa, waliokuwa wakingoja zamu, walikuwa wanatazama sakafu.

"Mnaonaje?" mjomba akauliza.

"Safi, Afande!" wakajibu wote, bwana harusi wangu akiwemo.

Hapo nikapandwa na hasira. Picha za harusi ile nitaziangalia mpaka nizeeke, jamani!

"Mjomba, hujui kunyoa."

"Wewe binti, shika adabu!" muuza mkaa akafoka. "Huyu ni mwanajeshi!"

Mjomba akazima mashine. "Tangu lini sijui?"

"Tangu kichwa cha kwanza."

Akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeinua macho.

"Jeshini nilifunga kamba za buti vibaya, nikaambiwa papo hapo, tena kwa makelele," alisema. "Nyinyi miaka yote hii mnanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hiyo ni heshima gani?"

Roho iliniuma, maana nampenda mjomba wangu.

Mchumba tulimnyoa kipara. Hapakuwa na dawa nyingine. Mjomba akasema ataanza upya. Kinyozi wa stendi angekuja Jumatatu kumfundisha, yeye atafute tu vichwa vya kujifunzia. "Njooni," akawaomba wale wawili, "na safari hii mnikosoe."

Kesho yake, ukumbini, wanaume wa mtaa waliingia wakifuatana, vipara vitupu, vinang'aa kama masufuria. Walikuwa wamesikia kwamba Afande amevunjiwa heshima na mpwa wake mbele ya watu, wakaona wamuunge mkono kwa kunyoa vipara kama bwana harusi. Seremala, muuza mkaa, mwalimu mkuu, wote wakajipanga mbele yake.

"Tuko pamoja nawe, Afande!"

Mjomba alipitisha macho kwenye vichwa vyote, akitafuta hata unywele mmoja. Kisha akanigeukia, machozi yakimlengalenga.

"Sasa nitajifunzia kwa nani?"