Shoka la Mpini Mbichi

Naikumbuka vizuri Jumatano moja ya Juma Kuu, mwanangu, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Masika yalikuwa yametushika wiki ya tatu na Mto Kilombero ulikuwa umepanda hadi ukameza njia ya kwenda kwenye mitumbwi. Siku hiyo niliamka na shoka kichwani, kama mtu anavyoamka na deni. Nilijua lina kasoro. Nilijua pia kwamba sitalitengeneza, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Nimesikia kwamba wewe na mwenzako mnataka kuuza kuni siku ambazo hamwendi shambani, na kwamba mmekwisha kuuliza habari za msumeno wa injini. Vizuri. Lakini kaa kwanza nikusimulie, maana kazi hii niliifanya na mimi nikiwa kijana, tena kwa namna hiyo hiyo ya kuibia siku.

Tulikaa ng'ambo ya Kivukoni, upande wa Ulanga. Mume wangu Odilo alikuwa amekwenda kukata mkonge huko Kilosa, akaniacha na mama yake na mdogo wake wa kike, Skolastika, wifi yangu. Skola alikuwa na miaka kumi na minane hivi, mchangamfu, hatembei bila kuimba. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mchombe, na ndoa ilikuwa ifungwe baada ya Pasaka. Sisi wawili tulilima mpunga kama watu wote, ila Jumatano na Jumamosi tulikwenda msituni kukata kuni, tukazivusha kwa mtumbwi na kuziuza Ifakara. Vyombo vyetu vilikuwa vichache: panga mbili, msumeno wa kushikwa na watu wawili tulioachiwa na wapasua mbao, kabari mbili za chuma, tupa moja iliyochakaa, na shoka la dukani ambalo Odilo alilinunua kabla ya kuondoka. Shoka hilo nililipenda. Nililibeba begani hata pale nilipokuwa sina kazi nalo.

Siku kumi kabla ya Jumatano hiyo mpini wake ulivunjika. Mama mkwe wangu, ambaye alizaliwa kwenye nyumba ya mfua chuma na alijua vyombo kuliko wanaume wengi, aliniambia nikate mti wa mkole, niumenye, kisha niuweke darini juu ya moshi wa jiko mpaka ukauke kabisa ndipo niuchonge. Alisema mti mbichi hukubali kila tundu la shoka, lakini ukikauka husinyaa, na tundu halisinyai. Nilimsikia. Lakini mwenye tanuri la mikate mjini alikuwa ameniagiza kuni za Pasaka, mitumbwi miwili mizima, zimfikie kabla ya Alhamisi jioni, nami nilikwisha kumwitikia. Kusubiri mti ukauke kwenye masika! Basi nikaukata mkole asubuhi, nikauchonga mchana, jioni shoka likawa na mpini mpya. Ulipendeza sana.

Baada ya siku sita ukaanza kucheza. Kila nikipiga pigo nasikia kichwa kinagonga, ko, ko, kama jino linalotaka kutoka. Nikararua kipande cha kanga kuukuu, nikakisokomeza kwenye tundu. Halafu nikafanya ujanja niliouona kwa watu: nikalilaza shoka ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, mti ukavimba, kichwa kikakaza. Asubuhi lilikuwa gumu kama jipya. Kufikia saa sita mchana lilikuwa linacheza tena, tena zaidi ya jana. Nikalirudisha ndooni. Nikaendelea hivyo, mwanangu, siku tatu.

Jumatano hiyo, tulipokuwa tukitoka, mama mkwe aliniita kutoka jikoni.

"Lidwina, hilo shoka linacheza. Nimelisikia jana ulipokuwa unapasua kuni za hapa nyumbani."

Nikamjibu, "Nimeshalirekebisha, Mama."

Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye moto wake. Uongo wa kwanza huwa mwepesi. Ndiyo sababu hatuuhesabu.

Mvua ilikuwa imekatika. Tulikuwa na gogo la myombo lililoanguka tangu mwaka uliopita, limekauka ndani ingawa ganda lilikuwa limelowa. Mimi nilipasua, Skola aliokota vipande na kuvipanga nyuma yangu, akiimba nyimbo za Pasaka kabla ya wakati wake, nami nikamkanya kwamba bado ni Kwaresima. Alicheka. Jua lilipopanda nikaanza kuisikia ile sauti. Ko. Nilisimama, nikakigonga kichwa cha shoka kwenye gogo ili kikae, nikaendelea. Ko. Nikajiambia, vipande ishirini tu. Nikajiambia tena, kumi.

Niliinua shoka nyuma ya bega, na mikono yangu ikawa myepesi ghafla. Nilibaki na mpini. Nyuma yangu wimbo ulikatika.

Nilipogeuka, Skola alikuwa amekaa chini, kichwa cha shoka kando yake, ameshika mguu wa kulia juu kidogo ya kifundo, na damu ilikuwa ikipita katikati ya vidole vyake. Alikuwa ameinama akiokota kuni, amenipa mgongo, hakuona kitu. Nilivua kanga yangu ya juu nikamfunga kwa nguvu. Yeye akawa ananitazama kwa mshangao, uso umempauka, akasema, "Wifi, nimekanyaga shoka?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, mwanangu. Ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu lilitosha: hapana. Lakini nilimwona Odilo akirudi kutoka Kilosa, nikamwona mama mkwe na jibu nililompa asubuhi, nikawaona watu wa Mchombe. Nikasema, "Nyamaza, usijichoshe." Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Na kabla ya kumwinua nilikichomoa kile kitambaa kilichokuwa kimebaki kwenye mpini, nikakitupa porini.

Nilimbeba mgongoni hadi mtoni. Pantoni halikuwa likivuka kwa ajili ya maji makubwa. Mvuvi mmoja Mndamba, mtu mzima aliyekuwa akitengeneza nyavu zake, alituona, akatazama mto, akatazama mguu, akashika upondo wake bila kuuliza nauli. Maji yalikuwa mekundu, yanabeba miti mizima. Katikati ya mto mtumbwi ulipinda, ukaanza kwenda na mkondo, na yule mzee alikuwa akitafuta chini kwa upondo bila kupapata. Nilikuwa nimempakata Skola. Nilisali, lakini sala yenyewe niliionea haya, maana nilikuwa namwomba Mungu amponye, na wakati huo huo namwomba watu wasijue. Tukatua mbali sana chini ya gati, kwenye matete, nikambeba tena hadi tulipopata baiskeli ya kumfikisha hospitali.

Walimsafisha, wakamshona. Mfupa ulikuwa umepasuka na mshipa wa nyuma umeguswa. Sista aliyemhudumia hakunificha kitu. Alisema tuombe kidonda kisioze, kwa sababu kikioza mguu hautabaki.

Nilikaa kwenye mkeka pembeni ya kitanda chake siku sita. Pasaka ilinikuta pale, kengele zikilia, na mwenye tanuri alipika mikate yake kwa kuni za mtu mwingine. Kila sista alipofungua bandeji nilikuwa nanusa kabla hajatazama. Siku ya tatu homa ikampanda. Alikuwa akiweweseka, na alipopata nafuu kidogo alinishika mkono akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka huwa naacha ninachokifanya.

"Nisamehe, wifi. Nimekuharibia kazi ya Pasaka. Sijui kwa nini sikuangalia ninapokanyaga."

Nilimwambia alale. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta. Unaona, nilikuwa nimemjeruhi mara moja kwa shoka, na sasa nilikuwa namjeruhi kila siku kwa kunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nayaficha yangu, na yeye ndiye aliyekuwa kitandani.

Siku ya sita, Jumanne, mama mkwe alivuka. Alikuwa amekwisha kuja mara moja, Alhamisi, akarudi kuangalia nyumba na kuku. Safari hii alikuja na kikapu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Alimtazama mwanawe aliyekuwa amelala, akamgusa paji la uso, homa ilikuwa imeshuka. Kisha akaniashiria nimfuate nje. Tulikaa kwenye majani, akatoa kikapuni kichwa cha shoka, kimeshaota kutu. Akatoa mpini. Akaviweka mbele yangu, mbalimbali.

Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba alikwenda msituni kuviokota vyombo vyetu visiharibike na mvua. Msumeno na kabari alivikuta penye gogo. Mpini ulikuwa pale nilipokuwa nimesimama, na kichwa kilikuwa nyuma, penye damu. Alisema amekanyaga mashoka yaliyolala chini mara nyingi katika maisha yake, na hajaona lililojivua mpini kwa kukanyagwa.

Alichukua mpini akaupitisha kwenye lile tundu. Uliingia na kutoka kama kidole kwenye kikombe.

"Mti huu ulikauka lini?" akaniuliza.

Nikasema, "Haukukauka, Mama."

"Nawe ulijua."

"Nilijua."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Yeye alikwangua kutu kwa ukucha, halafu akasema, "Chuma hakina kosa, na mti hauna kosa. Vyote viwili vilikuonya siku tatu. Mimi nilikuonya siku ya nne. Ulitaka nani mwingine aje akwambie?" Na nilipoanza kulia alinikatiza. "Usinililie mimi. Mwenye mguu yuko ndani, na anafikiri yeye ni mzembe. Nenda ukamvue huo uzembe, ni wako."

Nilimkuta Skola ameamka. Nilimwambia yote: mkole, ndoo, kanga, na kwamba aliponiuliza nilimwacha aamini. Nilipomaliza aligeuza uso ukutani. Hakusema nami siku ile, wala wiki ile, wala tuliporudi nyumbani.

Mguu ulipona, namshukuru Mungu, lakini ulibaki mzito. Watu wa Mchombe walituma ujumbe kuuliza kama binti ataweza jembe. Tuliishi na swali hilo mwezi mzima, na mimi sikulala vizuri hata usiku mmoja, mpaka yule kijana alipokuja mwenyewe kwa miguu, akamwona, akasema hakuchumbia mguu. Walifunga ndoa baada ya mavuno. Usiku wa kuamkia harusi, wakati namsuka nywele, ndipo Skola alipozungumza nami kwa mara ya kwanza bila kulazimika.

"Mguu nimekusamehe, wifi," alisema. "Mguu ilikuwa bahati mbaya. Zile siku sita nilizokuwa najilaumu na wewe umekaa pembeni yangu, hizo bado. Ngoja kwanza."

Nilingoja. Nilingoja miaka miwili. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza alituma mtu aniite mimi nikamwogeshe uzazi, nikajua.

Odilo naye nilimweleza aliporudi, kabla hajatua mzigo. Na kuni sikuziacha. Mama mkwe hakuniruhusu kuziacha. Alisema mtu anayekimbia chombo baada ya kukikosea hajajifunza kitu. Alinikalisha chini siku nyingi, akanifundisha kunoa meno ya msumeno kwa tupa, jino moja baada ya jingine, kuupaka mafuta kabla ya kuuweka, kuchonga mipini mitatu na kuikausha darini kabla ule mmoja haujavunjika, na kupiga kabari ya mti mkavu kwenye tundu badala ya kitambaa. Kila asubuhi, kabla ya kugusa gogo, nililishika shoka kichwa nikalitikisa. Likicheza, kazi ya siku hiyo ilikuwa ni kulitengeneza.

Kwa hiyo, mwanangu, neno langu kwako ni hili. Wewe unasema kuni ni kazi ya pembeni tu, na najua mtu hukipa chombo cha kazi ya pembeni matunzo ya pembeni. Chuma hakijui kama leo ni siku yako ya shamba au ya kuni, kinakata vilevile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nakuongezea kwamba ukuta mwingine humwangukia jirani, siyo wewe uliyeuona ufa. Ukisikia chombo kinagonga, simama hapo hapo, hata kama mteja amekaa barabarani anangoja, mwambie kesho. Ahadi iliyochelewa huombewa radhi. Na likitokea la kutokea, maana hata mwangalifu hupatwa, sema siku hiyo hiyo ni nani aliyekosea. Usimwachie mwenzako abebe kidonda chako juu ya chake.

Haya, nenda. Mungu akulinde wewe na yule utakayesimama naye msituni, awape mikono mizima na vyombo vikavu, na jioni awarudishe nyumbani wote wawili mkitembea.