Redio ya Darasa la Saba

Risasi ya kulehemu ikiyeyuka hutoa harufu kali, kama ya utomvu uliodondokea makaa. Niliizoea nikiwa darasa la saba huko Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret, katika darasa la mbao lisilokuwa na umeme. Mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Akinyi, alikuwa amekuja kutoka Kisumu na gunia la redio mbovu. Alituambia tuzifungue tuone zilivyo ndani, jambo ambalo nyumbani lingetuletea kiboko. Asubuhi za Julai baridi iliuma, nasi tuligombea nafasi karibu na jiko alilopashia moto kipande cha shaba cha kulehemu. Nilijifunza kukwangua waya kwa wembe, kutuliza mkono, na kungoja risasi ing'ae kabla ya kuondoa shaba. Baada ya wiki nyingi tukawa na redio yetu wenyewe, imepigiliwa juu ya ubao, na waya mrefu uliopita dirishani hadi juu ya mti.

Waya huo ndio uliotuponza. Miaka hiyo watu walichunga midomo hata sokoni, na mtu fulani alienda kwa chifu akasema shuleni kwetu kuna mtambo wa kuongea na watu wa nje ya nchi. Chifu akaja na askari wawili. Mwalimu mkuu alibaki mlangoni.

"Hii inaongea na nani?" chifu akauliza.

"Haiongei, Mzee. Inasikiliza tu," Mwalimu Akinyi akajibu. Kisha akanigeukia. "Jepkosgei, washa."

Nikawasha. Kimya. Askari mmoja alikuwa tayari ameshika ule waya wa dirishani.

"Angalia ni wapi pameachia," mwalimu akaniambia, kwa sauti ileile ya kila siku.

Nikainama, nikaona waya wa betri umeng'oka. Nilichukua shaba iliyokuwa ikipata moto kwenye jiko. Nilijichoma kidole, lakini sikuuondoa mkono mpaka risasi ilipong'aa. Redio ikakoroma, halafu ikaja taarifa ya habari, na kama kawaida ya siku zile ikaanza na Rais. Chifu akavua kofia, akasimama wima. Darasa zima likasimama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Endeleeni," akasema akivaa kofia. "Lakini huu mlango ukae wazi."

Muhula uliofuata Mwalimu Akinyi alihamishwa. Hakuna aliyetueleza sababu, na sisi tulishajua kutouliza. Nilimlilia kama dada yangu.

Juzi nilialikwa shuleni kwa binti yangu, hapa mjini. Watoto wana vibao vya kompyuta vidogo kama kiberiti; wanaviandikia amri na taa zinawaka zenyewe. Mmoja ameunda kifaa cha kupima unyevu wa udongo katika shamba la mahindi la babake. Wana vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na wanauliza maswali kwa sauti, kitu ninachowaonea wivu zaidi. Taa ya binti yangu ilikataa kuwaka mbele ya wazazi wote. Nilitaka kuinuka nikamsaidie. Mwalimu wake, kijana mpole, hakumnyang'anya kile kibao wala hakumharakisha. Alivuta kiti, akaketi kando yake, akangoja. Nami nikabaki nimekaa.