Nyaya Tano za Fundi Cherehani

Mmenisumbua vya kutosha. Kila anayepita mlangoni kwangu, "Bibi, tuandikie habari za Fundi, wewe ndiye unayezijua." Kwani nyinyi mikono yenu imekatika? Mimi darasa nililiona dirishani, herufi nimezijua ukubwani kwa kulazimisha, na mstari wangu ukipinda umepinda, sitaufuta kwa ajili ya mtu. Ila najua mkiachiwa nyinyi mtayatia chumvi mpaka yasilike. Haya, kaeni.

Fundi huyo hakuwa fundi wa mota. Alikuwa fundi cherehani. Ujana wake wote uliishia kwenye chumba kimoja cha mbele ya nyumba yake: cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia katikati, na ukutani rafu ya nyuzi aliyoipanga mkewe. Watu walitoka mitaa ya mbali kumletea vitambaa. Walisema wenye mkono wa kushona ni wengi, lakini huyu ana jicho la rangi. Gauni la bluu akilitia ukosi wa njano, mwenye gauni anatembea barabarani kama anaitwa na watu wawili.

Jicho la rangi! Fundi alikuwa haoni rangi. Si kipofu, la, sindano alikuwa anaitunga uzi huku anaongea na wewe. Ila kwake nyekundu na nyeusi ni mapacha, na kijani na kahawia ni mtu na mdogo wake. Ndivyo alivyozaliwa. Aliyeligundua ni mkewe, ndoa ikiwa bado mbichi, alipomkuta anashona suruali nyeusi ya mteja kwa uzi mwekundu huku anapiga mluzi, hana habari. Mkewe hakumcheka. Alifunga mlango kwanza, ndipo akacheka. Kisha akafumua ile suruali yote, akazipanga nyuzi rafuni kila rangi na kiti chake, nyekundu huku mwanzo karibu na mlango, nyeusi kule mwisho karibu na dirisha, zisikutane hata kwa bahati mbaya.

"Wewe shika kiti cha kila uzi," alimwambia. "Rangi niachie mimi. Na usimwambie mtu. Fundi asiyeona rangi ataletewa kitambaa na nani?"

Basi wakala kwa siri hiyo, wakajenga kwayo, wakasomesha kwayo binti yao mmoja. Hata huyo binti hakujua.

Uzee ulipofika na mgongo ukaikataa cherehani, Fundi akanunua boti. Boti dogo la alumini, jepesi, watu wawili wanalibeba kama meza, na nyuma yake akaning'iniza mota ndogo ya umeme inayokula betri. Pale kwao si mtu anachagua. Bwawa lililo chini ya mtaa wao ndilo linalonywesha mji, mota ya petroli hairuhusiwi kugusa yale maji. Mkewe alikaa mbele na mwavuli, yeye nyuma na mpini wa mota. Waya ukikatika walitengeneza wenyewe: mke anataja rangi, mume anafunga. Watu walidhani ni mapenzi tu, wazee wale hawawezi kuachana hata kwenye bisibisi. Na mapenzi yalikuwamo, sikatai.

Mkewe akafa. Homa iliyoanza kama mafua tu, ikamchukua.

Boti likalala kifudifudi uani. Fundi akakaa ndani. Alijifunza kupika chai ya kikombe kimoja, kitu kigumu kwa mtu aliyezoea birika. Nguo alivaa mbili zilezile, nyeupe na nyeupe, maana hizo haziwezi kumdanganya. Siku moja akachoka kutazama ukuta, akatoka, akalipindua lile boti. Panya walikuwa wameifanya mota nyumba yao. Nyaya zimegugunwa mpaka shaba iko nje, na waya ulio uchi ukilala juu ya alumini si shoti tu, boti lenyewe huliwa polepole mpaka litoboke. Ikabidi aondoe kila kitu, kuanzia betri mpaka ndani ya swichi ya mpini, atie nyaya mpya.

Alikwenda dukani akaomba nyaya tano: nyekundu, nyeusi, kijani, kahawia na nyeupe. Akamsimamia muuzaji azipange kwa mfuatano huo, akazibeba mikononi kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Nyumbani akazilaza juu ya meza ya kukatia, kila mmoja na kiti chake. Nyekundu upande wa mlango, nyeusi upande wa dirisha. Mahali pa kila rangi kwenye swichi alipajua kwa moyo, kama mkewe alivyokuwa akipataja. Alishafunga nyeupe. Simu ikalia.

Alikuwa binti yake.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chakula."

"Baba, humo ndani utakaa na nani? Njoo ukae na sisi. Chumba kipo."

"Nakaa na mimi mwenyewe. Tumezoeana."

"Na hilo boti unalohangaika nalo, jirani ameniambia. Mota imekufa, Baba."

"Mota haifi, inaugua! Mimi si mzee wa kuwekwa kwenye chumba kama sanduku!" Akawa anazungumza huku anarusha mkono mmoja, kama wanavyozungumza wakali wote.

Binti naye akakaza sauti. Alikuwa mtoto wa baba yake, kichwa kilekile. "Sawa. Jumamosi nakuja na gari. Boti likienda, ubaki, na sitakutajia tena habari ya kuhama maishani mwangu. Lisipoenda, unafunga mlango tunaondoka wote."

"Neno lako?"

"Neno langu, Baba."

Fundi alipogeuka, nyaya zilikuwa sakafuni. Ule mkono wa hasira ulizifagia bila yeye kujua. Aliinama akaziokota, akasimama nazo. Mbili zilikuwa mapacha, mbili mtu na mdogo wake. Akazipeleka mlangoni kwenye jua, akazirudisha kivulini. Akazinusa, mtu mzima. Mdomo ulimfunguka kuuliza, "Hii ipi?" na chumbani hamkuwa na mtu.

Angeweza kuita jirani. Lakini hiyo siri ilikuwa ya watu wawili, na mmoja amekwenda nayo akiwa hajaitoa. Akazirudisha mezani kwa kukisia. Akazifunga, akazivika mfuko wa turubai alioushona kwa mkono, mshono mdogo mdogo wa kupendeza, ili panya wasizione tena. Kazi safi. Ila ilikuwa ya kubahatisha, na moyoni alijua.

Ijumaa asubuhi wavuvi wakamsaidia kulibeba boti mpaka majini. Pale ufukweni yupo mwanamke mmoja anayewauzia barafu, Mama Barafu, aliyekuwa shoga wa marehemu. Hukaa juu ya sanduku lake, na mji mzima humjua kwa mdomo.

"Shemeji!" akamwita. "Umemaliza kushona nguo, leo unakuja kushona maji?"

"Maji yana kiraka kinachonisubiri," Fundi akajibu, akapanda, akazungusha mpini mbele.

Boti likarudi nyuma. Likarudi kwa heshima zote, likapanda tope, likagonga nguzo.

"Fundi, umesahau kitu nyumbani?" mvuvi mmoja akauliza.

"Muacheni, anarudi mapema kabla hajaenda!"

Akazungusha mpini upande wa pili. Kikasikika kitu pa! na harufu ya kuungua ikapanda. Fyuzi imekufa. Akiba aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu.

"Nilikuwa najaribu," alisema, na hakuna aliyemuuliza. Akainama ndani ya boti, akajitia anakaza kitu ambacho hakikulegea, mpaka wavuvi wote wakaingia majini na vicheko vyao vikafika mbali. Kesho ni Jumamosi. Akiweka fyuzi ile ya mwisho kwa kukisia tena, amekwisha. Aliufumua ule mshono wake kwa ncha ya kisu, pole pole, uzi baada ya uzi. Fundi kufumua kazi yake nzuri ni kama kujivua nguo hadharani. Akazichomoa nyaya, akaenda nazo hadi kwenye sanduku la barafu.

"Shemeji, una macho?"

"Ninayo mawili, moja linakutazama wewe, moja linatafuta wateja."

"Hii rangi gani?"

"Unanitania."

"Rangi gani?"

Mama Barafu akautazama ule waya, akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza watu wa ufukweni wangeona mdomo ule umefungwa, kama wangekuwapo. "Nyekundu," alisema taratibu.

"Na hii?"

"Nyeusi. Shemeji..."

"Hii."

"Kijani. Na hiyo kahawia. Hiyo nyeupe hata kipofu..." Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Fundi alikuwa ametoa uzi mfukoni, anafunga vifundo kwenye kila waya, kimoja nyekundu, viwili nyeusi, akiendelea hivyo. Akamweleza habari ya binti na ya Jumamosi. Yale ya nyuma yakatoka yenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu tumboni."

"Na zile nguo zote?"

"Yeye."

"Na lile gauni langu la zambarau nililokusifia mtaa mzima?"

"Zambarau ndiyo ipi?"

Mama Barafu alicheka mpaka kifuniko cha sanduku kikacheza. Fundi naye akacheka. Sauti ilimtoka yenye kutu, hakuwa ameitumia tangu msiba. Halafu Mama Barafu akajipangusa kwa ncha ya kanga. "Marehemu alikuwa na kifua. Tumekaa naye hapa tumemteta kila mtu, hili hakunidondoshea hata tone."

"Nawe usiseme."

"Nitasema, shemeji, usinipe kazi nisiyoiweza. Lakini nitasema Jumatatu, mwanao akishaondoka."

Jumamosi binti akafika na gari. Kwanza akafagia nyumba, akapekua sufuria kama askari, ndipo wakashuka bwawani. Fundi akapanda, akazungusha mpini mbele. Boti likaenda mbele. Likakata maji, likazunguka mbali, likarudi kwa kujitapa, na alipolegeza mpini likasimama pale pale alipotaka. Mama Barafu akapiga makofi. Binti alikuwa amesimama na funguo za gari mkononi.

"Limeenda, Baba."

"Limeenda."

"Basi."

"Basi."

Wakapanda kurudi nyumbani. Fundi alikuwa na jibu lake tayari tangu asubuhi: akiulizwa atakataa, akiulizwa tena atasema, haya, kwa muda kidogo tu, nione hicho chumba chenu. Alilipanga hivyo kabisa, kukataa kumoja na kukubali kumoja. Mlangoni akasema, "Gari lako hili lina nafasi."

"Lina nafasi, Baba."

"Huko nyuma hata mzigo unaingia."

"Unaingia."

Akangoja. Binti alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa ametoa neno lake, na kwa watu wa nyumba ile neno halirudi. Akamnyoosha baba yake ukosi wa shati, akaingia garini. Fundi akapunga mkono mpaka vumbi likatulia, na likishatulia akaendelea kidogo.

Siku hizi kila asubuhi anaingia bwawani. Anavua samaki wengi kuliko anavyokula. Jioni huwapitisha mlango kwa mlango, na kwenye kila mlango hukaa kupita kiasi cha mtu aliyeleta samaki. Mtaa mzima unajua habari ya macho yake, Jumatatu ilitimizwa kwa haki, na hakuna aliyemcheka. Yeye ameshinda, nyumba ni yake, hakuna anayemuhamisha. Simu ikilia anaiwahi. Binti anauliza kama amekula. Anasema amekula. Wote wawili wanasubiri, kisha wanaagana.

Nimemaliza. Sasa nyinyi mlionisumbua, karatasi hii msiende kuifungia kabatini. Mpelekeeni binti yake, na msimame palepale aisome mbele yenu asije akaikunja. Neno lake nalijua, na mwambieni mimi ndiye ninayemfungua nalo, mkubwa wake kwa umri na kwa ukaidi. Na wewe unayesoma huku unatikisa kichwa, una mzee aliyekukatalia mara moja ukaondoka zako umeridhika. Inuka ukamwulize mara ya pili. Leo.