Gari Lililokwama Gia ya Tatu

Miaka ya vita nilikuwa na karakana ya magari mtaa wa Mangobo, pamoja na sifa niliyojipa mwenyewe: kwamba Kisangani nzima hakuna fundi mwingine aliyejua kuzungumza na kompyuta ya gari. Mashine ya kuisoma sikuwa nayo. Nilikuwa na kipande cha waya kisichozidi kidole. Unaunganisha matundu mawili ya plagi iliyo chini ya boneti, unawasha swichi, taa ya dashibodi inaanza kupepesa, nawe unahesabu. Kila hitilafu ina namba yake, na kompyuta huiweka kwenye kumbukumbu hata ukizima gari.

Siku moja mama mmoja wa Butembo, muuza vitenge kwa jumla, aliniletea gari lake la otomatiki. Lilikuwa limekwama gia ya tatu. Kuondoka linajikokota, likiondoka linakoroma. Nikahesabu taa: mara sita, kituo, mara moja. Namba hiyo niliijua, ni ya waya unaoipa kompyuta habari za mwendo. Nikaingia chini, nikakuta panya wameutafuna. Nikauunga, nikatoa waya wa betri kwa muda ili kompyuta isahau yaliyopita, kazi ikaisha.

Ningempelekea mama gari lake kimyakimya, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi na sifa! Nikalipitisha barabara kuu mchana kweupe, kioo chini, kiwiko nje, mpaka daraja la Tshopo na kurudi. Wakati huo watu wenye akili zao walikuwa wameficha magurudumu chini ya vitanda ili askari wasiyachukue magari.

Jioni hiyohiyo kamanda mmoja akaja karakana. Kesho saa mbili, alisema, gari linakwenda misheni ya jeshi. Magari yaliyokwenda misheni hatukuyaona tena. Nilipompa mama habari, hakunifokea. Aliketi juu ya tairi akasema bila gari hilo hana namna ya kufikisha marobota yake sokoni, na watoto wake sita watakula nini. Ningependelea anitukane.

Asubuhi na mapema nikaingia chini ya gari na koleo, nikaukata ule waya.

Kamanda alipolijaribu, lilikoroma vizuri sana. Nikafungua boneti, nikachomeka waya wangu, nikamhesabia taa kwa sauti ya padri kwenye misa.

"Mon commandant, ordinateur imesahau vitesse," nikamwambia, yaani kompyuta imesahau mwendo. "Inatakiwa mémoire ya mupya, na ile iko Kinshasa tu."

Kumbukumbu hiyo mpya angeipata Kinshasa, na Kinshasa ilikuwa kwa adui zake. Aliitazama ile taa, akaguna. Nikaona nimeshinda, na hapo ndipo ulimi uliponiponza. Nikamwongezea ambayo hakuniuliza: namba zote ninazozijua, nyaya zote, tabia za giaboksi moja baada ya nyingine. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Bon. Gari ibakie," akasema. "Wewe, panda. Kule kambi tuko na jeep ine zimekufa, na hatuna mutu mwenye anajua bintu kama wewe."

Wiki tatu nilikaa kambini nikifufua jeep nne za watu. Niliogopa, sitasema uongo. Usiku wa kwanza sikulala, nikingoja kuambiwa kwamba nami ninakwenda misheni. Kesho yake saa sita, nikiwa chini ya jeep, nikasikia kitu kinakoroma kwa mbali, kinakaribia polepole. Alikuwa mama, ameniletea lituma, ndizi za kupondwa, na samaki. Walinzi walilicheka lile gari mpaka wakashika mbavu, wakamfungulia njia, wala hakuna aliyelitamani. Akawa anakuja kila siku.

Mimi nilibaki chini ya jeep kidogo, nijifute machozi kwanza. Maishani mwangu sijawahi kuharibu gari vizuri kiasi kile.