Msumari Juu ya Kioo

Juu ya kioo cha kinyozi yule palikuwa na msumari mtupu. Wateja wake waliuona miaka nenda miaka rudi, na wenye mdomo waliuliza anautunzia nini. "Wa taulo," alikuwa akijibu, na taulo lenyewe liko begani mwake. Mkewe tu ndiye aliyejua kwamba msumari ule unaisubiri Ngao ya Utumishi.

Ngao hiyo hutolewa kila mwaka na chama cha ndugu, wale wanaume wenye ukumbi nyuma ya soko, wanaoitana ndugu hata kama mmoja ni tajiri wa saruji na mwingine anafagia nywele za watu. Hupewa mwanachama aliyewatumikia watu kuliko wenzake. Kinyozi alijiunga nao mwaka aliofiwa na baba yake. Mzee alilala wodini muda mrefu, na mwanawe, katika kuhangaikia dawa, wembe hakuukumbuka. Ndevu zikamfunika mzee wa watu uso mzima, akafa nazo. Kinyozi akamnyoa baba yake akiwa maiti. Mazishini wakaja wale ndugu, hawamjui wala yeye hawajui, wamevaa utepe wao mpana wa zambarau kutoka begani hadi kiunoni. Wakabeba jeneza kana kwamba marehemu ni mzazi wao. Hapo hapo kinyozi akajiahidi mambo mawili: ataingia chama kile, na katika wodi ile hatalala tena mtu na ndevu zilizosahauliwa.

Akayatimiza yote mawili. Kila Jumapili asubuhi alibeba kikapu chake, sabuni, brashi, na viwembe vipya ili kila mgonjwa apate chake, akapita kitanda kwa kitanda. Malipo yake yalikuwa mtu kujipapasa shavu na kutabasamu. Huko ukweni lakini, mashemeji zake walikuwa hawaishi kumwita "bwana vumbi la vichwa". Mkewe alikuwa akicheka nao kwa meno ya mbele tu, moyoni anachemka. Ndiyo maana Ngao ile aliitaka kuliko hata mumewe.

Mwaka huo chama kilipata mwenyekiti mpya, yule muuza saruji, mtu mwema mwenye sauti ya kusikika hadi sokoni. Katika kikao chake cha kwanza alisimama, akasema, "Ndugu zangu, mema yetu hayaonekani! Watu hawatujui ila siku ya kuzika. Kuanzia sasa anayetumikia atumikie na utepe begani. Asiye na utepe, Ngao aisahau."

Mkewe kinyozi aliuosha utepe, akaupiga pasi mpaka ukang'aa. "Baba watoto, mwaka huu ni wetu. Usiniangushe."

Jumapili ile kinyozi alianza na fundi wa mapaa, mtu wa maneno mengi aliyeanguka kutoka juu ya nyumba ya watu akavunjika mguu. Fundi akalala chali, akafumba macho, akaachia shavu. Upande mmoja ulipokwisha, kinyozi akakumbuka utepe uko kikapuni. Akauvaa, akainama kuendelea. Fundi akafumbua macho.

"Bwana kinyozi. Daktari kasema nini?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mimi! Mbona umevaa nguo ya kunizikia?"

Kitanda cha pili mtu alivuta shuka hadi kichwani. Wa tatu akaanza kusali kwa sauti. Mzee mmoja akaita kutoka kitanda cha ukutani, "Anzeni na yule wa dirishani, mimi naendelea vizuri!"

"Ni sheria mpya ya chama tu, fundi," kinyozi alisema. "Tulia nimalizie."

"Ukamalizie huko kwenu. Nusu hii nabaki nayo."

Basi kinyozi akarudi nyumbani na viwembe vyake vimejaa kikapuni. Mkewe alipohadithiwa alibetua midomo. "Watazoea. Kwani utepe unauma?"

Kinyozi aliukunja utepe taratibu. Kwake utepe ule ulikuwa faraja, kitu kilichomshika mkono siku aliyokuwa hana wa kumshika. Hakuwahi kuwaza mtu aliyelala kitandani anauonaje.

Katikati ya wiki mke wa fundi aliingia dukani, akangoja mteja atoke. "Shemeji, mwenzako anafanana na shamba lililopaliliwa nusu, hata manesi wanamcheka." Alisema hayo akitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Tangu siku ile hali chakula vizuri. Anasema tunamficha. Kama kuna jambo mmeambiwa, shemeji, niambie mimi. Nitavumilia."

"Hakuna, shemeji. Haki ya Mungu hakuna. Ni mguu tu."

Mama yule aliketi kwenye kiti cha wateja, akalia kwa kushukuru. Kinyozi alimpa taulo safi, akageukia kioo. Msumari ulikuwa pale pale ukimtazama.

Jumapili iliyofuata mkewe aliukuta utepe kwenye mgongo wa kiti. "Umesahau!"

"Sikusahau."

"Na Ngao?"

"Ngao haina ndevu, mama watoto."

Kinyozi aliondoka huku mkewe akibamiza sufuria, lakini aliondoka.

Fundi alimkagua begani, akamkagua hadi kikapuni, ndipo akatoa shavu. Kinyozi alikuwa anafuta povu la mwisho mlango wa wodi ulipofunguliwa. Akaingia mwenyekiti na wenzake wawili, tepe zinawaka, wamekuja kukagua huduma.

Wodi ikalipuka. Mtu wa dripu alitaka kushuka kitandani na dripu yake. Sista wa zamu akaja mbio. "Nani kawaita? Humu hajafa mtu!"

Mwenyekiti alimtazama kinyozi begani. "Ndugu, utepe wako?"

"Uko nyumbani, mwenyekiti."

"Na sheria unaijua?"

"Naijua." Kinyozi akalitupia taulo begani. "Lakini hebu lala wewe hapa, mwenyekiti, mguu unauma, halafu utuone sisi tunaingia hivi. Utawaza nini?"

"Mimi niliwaza wamekuja kunipima urefu," fundi akadakia.

Mwenyekiti aligeuza macho, akamwona yule aliyejifunika shuka gubigubi, vidole vya miguu vikichezacheza. Akaondoka, wenzake nyuma. Kinyozi akajua Ngao imeondoka nao.

Siku ya Ngao ukumbi ulijaa, wake na watoto na hata wale mashemeji. Kinyozi alikaa safu ya nyuma. Mkewe alikuwa amemvisha utepe mwenyewe, kwa vidole vikali.

"Mwaka huu," mwenyekiti alinguruma, "Ngao inakwenda kwa ndugu aliyeivunja sheria yangu mbele ya macho yangu. Nilitaka watu watuone, nikasahau kuwatazama. Toka leo tepe hizi zitavaliwa siku ya kuzika na siku kama ya leo. Kwa wagonjwa tutakwenda na mikono mitupu. Ndugu Kin—"

Kigelegele cha mkewe kililimeza neno. Mashemeji walipiga makofi kama kila mtu. Walikuwa hawana njia nyingine.

Lakini msumari ulikuwa umesubiri mno, kutu imeshaula. Ngao ya mbao nzito ilipotundikwa, msumari ulipinda, Ngao ikaanguka, ikamkosa mteja kichwani chupuchupu. Ndipo fundi wa mapaa akaja na magongo yake, akauchungulia.

"Huu nani aliupigilia?"

"Mimi."

"Inaonekana. Lete nyundo."

Alipomaliza, Ngao imetulia sawasawa, alijibwaga kwenye kiti, akaegemeza magongo ukutani, akafumba macho.

"Haya, bwana kinyozi. Na leo pande zote mbili."