Babu Yako Alianza Chuo Akiwa na Ndevu

Siku ya arobaini ya baba yangu sijaisahau, mwanangu, na kwa kuwa umeniomba nikuandikie habari za babu yako ili uwasomee wanao, naona ni haki nianze na siku hiyo. Ndiyo siku niliyomkosea, naye ameshazikwa.

Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Pengine humkumbuki, lakini yeye ndiye aliyekufundisha Fatiha, ukiwa umekaa mabegani kwake, kabla ulimi wako haujaiweza r. Ukikosea hakucheka. Alirudia polepole, nawe ukarudia, mpaka mama yako akaja kukuchukua ukaogeshwe.

Babu yako alikuwa mkata mikoko wa kijiji cha Kiongoroni. Alishuka mtoni maji yakipwa, akakata boriti zake matopeni, akazipanga ukingoni zingoje bamvua, yale maji makubwa yanayoweza kukifikisha chombo mpaka ndani ya kijito. Wakati wa sala ukimkuta huko, alipanda juu ya boriti alizozipanga, akasali hapo hapo. Maganda ya mikoko yalimtia wekundu viganjani ambao haukutoka kwa sabuni yoyote. Ujanani hakusoma. Baba yake alikufa mapema, na wadogo zake walihitaji kula. Alipokwenda kwenye chuo cha Kurani kwa mara ya kwanza alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na mke. Alikaa mkekani pamoja na watoto, magoti yakimfika kidevuni, anafuatisha herufi kwa kijiti ili asiuchafue msahafu kwa vidole vyake. Watoto walimwita "mwanafunzi babu". Aliendelea hivyo miaka mingi mpaka akahitimu, na baadaye akawa yeye ndiye anayefundisha.

Hayo yote niliyajua. Lakini alipofariki mimi nilikuwa mwalimu mpya hapa Kibiti, nimetoka juzi tu chuo cha ualimu, na arobaini tuliifanya nyumbani kwangu. Walimu wenzangu walikuja, na watu wa ofisini, na mashekhe wawili. Nikaona haifai wasikie habari za matope na za mtu mzima kukaa na watoto. Nikaandika wasifu kwa mwandiko mzuri. Nikasema marehemu alizaliwa katika nyumba ya elimu, na kwamba alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi.

Nilipokuwa nasoma, wazee wa Kiongoroni waliinamisha vichwa. Mmoja alikohoa. Hakuna aliyenikatiza, kwa sababu ya heshima ya shughuli, nami nikadhani nimesoma vizuri.

Baada ya dua nikaitwa uani. Shangazi yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa anapakua pilau.

"Njoo hapa, mwalimu wa serikali," akasema. "Huyo uliyemsoma alizikwa wapi?"

"Shangazi!"

"Nakuuliza. Maana mimi kaka yangu nimemzika Kiongoroni, na hakuwa huyo."

Wanawake waliokuwa kwenye masufuria wakacheka. Nikamwambia kwamba nilikuwa nachunga heshima mbele ya wageni.

"Wageni wamekuja kula wali," akasema. "Na Hamisi wako ameondoka bila kula. Kamtafute. Usiponirudishia Hamisi, hata wewe hutakula pilau yangu."

Hamisi alikuwa mtu wa makamo aliyehamia Kiongoroni kutoka Mahege, baba akiwa tayari ni mwalimu wa Kurani. Alikuwa mkata mikoko pia, na alikuwa anasoma kwa baba, jioni, kwa siri kidogo kwa sababu ya aibu. Nilimkuta barabarani anangoja gari la Nyamisati, kwenye boti za kurudi Kiongoroni, viatu mkononi.

"Kaka Hamisi, mbona unaondoka?"

Hakunitazama. "Kila nilipotaka kuacha, mzee aliniambia, 'Hamisi, mimi nilianza na ndevu kama zako.' Nami nikarudi mkekani. Leo nasikia alihitimu ana miaka kumi. Kumbe alikuwa ananibembeleza kama mtoto."

Mwanangu, sijapata kusikia neno lililonichoma kama lile. Nilidhani nimempamba baba yangu, kumbe nimemfanya mwongo mbele ya mtu aliyemwamini.

"Hakukudanganya," nikasema. "Mwongo ni mimi."

"Umeniambia mimi, hapa barabarani," akajibu. "Wale umewasomea ndani, tena kwenye karatasi."

Nikamwomba arudi. Tulipoingia, watu walikuwa wanaosha mikono. Nikasimama, nikasema kwamba niliyoyasoma hayakuwa kweli, nikaeleza ya kweli: matope, ndevu, kijiti, watoto waliomcheka. Nikasema niliona aibu, na kwamba aibu hiyo ilikuwa yangu, baba hakuwa nayo.

Kisha yule mzee aliyekohoa akasema, "Haya, huyo ndiye tunayemjua. Shekhe, tusomee tena Fatiha, ile ya kwanza sijui imemfikia nani." Watu wakacheka, na Fatiha ikasomwa. Shangazi akamletea Hamisi sahani iliyojaa kuliko ya shekhe.

Hamisi alikula bila kusema nami. Wakati wa kuaga ndipo aliponiuliza, "Nani atanisikiliza sasa?" Nikamwambia ni mimi, akikubali. Akafikiri. "Njoo Ijumaa," akasema. "Kabla ya hapo nina kazi ya kukata."

Nilikwenda Ijumaa hiyo, na kila nilipopata nafasi kwa miaka. Hakumaliza Kurani. Mauti yalimkuta ameshaipita juzuu ya Tabaraka, anasoma mwenyewe, na kijana wake wa pili leo ni imamu. Alhamdulillahi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukisimama kuwaeleza watu habari za mzazi wako, sema alivyokuwa. Ushahidi juu ya maiti ni amana, na kumzidishia pia ni kuivunja amana. Yale unayotaka kuyaficha kwa aibu, angalia kwanza kama si hayo yaliyokuwa kazi yake kubwa, maana huenda kuna mtu amekaa nyuma ya wengine anayategemea ili aendelee. Na ukishakosea mbele ya watu, sahihisha mbele ya watu hao hao, mapema, kabla hawajatawanyika. Utakapofika wakati wa kunisimulia mimi, usiiruke siku hii.

Mwenyezi Mungu amrehemu babu yako na ampanulie kaburi lake. Akupe wewe subira ya kujifunza katika umri wowote, awape wanao ndimi za kweli, na atukutanishe sote na wema waliotutangulia. Amina.